Njia ya kutembea wakati wa mvua, upande wa Kassapa

SWALI: Mhariri mpendwa, sisi ni akina mama saba wa parokia moja ya komini ya Kampemba. Kila Jumamosi asubuhi tulikuwa tunatembea kwa miguu pamoja na watoto wetu wakubwa, lakini tangu mvua zianze tumeacha kwa sababu ya matope na radi. Je, hapa Lubumbashi iko njia ipitayo kidogo mtaani na kidogo msituni, ambayo mtu anaweza kuifuata hata majira haya? Na watoto wakiona bowa, yaani uyoga, njiani, waokote?
Mama wa Kampemba

JIBU: Mama, njia iko, na ningesikitika kama mngengoja hadi Mei, kwa maana miombo, msitu wetu wa Katanga, hupendeza katika miezi hii hii mnayokaa nyumbani. Mji wetu hupata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Novemba na Machi. Anayengoja ardhi ikauke kabisa hukuta nyasi zimechomwa moto, na hewa imejaa vumbi na moshi.

Chagueni pa kutembea kwa kuangalia kwanza maji yanakokwenda, kabla ya kufikiria umbali au uzuri wa mahali. Lubumbashi iko juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na miinuko yake ni midogo kiasi kwamba wakati wa kiangazi jicho haliioni. Mvua ndiyo huifichua. Maji huteremka polepole hadi kwenye dembo, yaani yale mabonde mapana ya nyasi yasiyo na miti, nayo hutuama huko siku nyingi juu ya udongo mzito. Kisha huingia katika vijito, katika mto Lubumbashi, katika Kafubu, na mwishowe katika Luapula. Miombo yenyewe huota pale juu, ambako maji hayatuami, na ambako mizizi na majani yaliyoanguka huushika udongo usigeuke matope. Ndiyo sababu mvua moja inaweza kuifunga barabara ya udongo mtaani, ambako kila gurudumu limeshachimba mfereji wake, huku kijia cha chini ya miti kikipitika saa chache baadaye. Mkiona miti imekoma ghafla na nyasi ndefu zimeanza, rudini nyuma, kwa sababu hapo mmefika ukingoni mwa dembo.

Ninawapendekezea muanzie kwenye kampasi ya Kassapa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kaskazini-magharibi mwa mji. Mvua ikiwakuta mapema, hapo kuna majengo ya kujikingia, na kuna lami ya kuanzia safari bila kupoteza kiatu katika tope. Kutoka hapo fuateni barabara ya Kassapa kuelekea nje ya mji, mkitembea upande wa kushoto ili magari yawajie usoni. Gereza la Kassapa liko upande huo huo, kwa hiyo simu zenu zibaki mfukoni na msipige picha yoyote. Kadiri nyumba zinavyopungua mtaanza kuona mashamba ya mahindi, halafu vichaka, halafu miti. Mkikuta watu shambani, wasalimieni na muwaombe ruhusa kabla ya kuingia katika kijia chao, nao ndio watakaowaambia kipi kimejaa maji wiki hii. Tembeeni saa moja na nusu kwenda, kisha rudini kwa njia ile ile, kwa sababu njia mliyokwisha kuikanyaga asubuhi haiwezi kuwashangaza mvua ikianza.

Msitarajie miti mikubwa. Karibu na mji, miombo mingi imekatwa kwa ajili ya makala, yaani mkaa wa kupikia, na mtakachokiona ni machipukizi yaliyotoka katika visiki. Mimi huyatazama kwa furaha kubwa, kwa maana kisiki cha miombo kikiachwa kwa amani hurudisha mti wake chenyewe, bila mtu kupanda mbegu. Mtaona pia vichuguu virefu kupita nyumba, na kando ya baadhi yake mashimo ya wafyatua matofali, ambao huuthamini sana udongo wa kichuguu. Mashimo hayo yakijaa maji hufanana na madimbwi ya kawaida, ilhali mtoto anaweza kuzama ndani yake. Mtu mzima mwenye fimbo atangulie, na maji yoyote ambayo hayaonyeshi chini yake yazungukwe.

Kuhusu radi, mna haki ya kuiogopa. Mawingu ya mvua kubwa kwa kawaida hukomaa mchana, baada ya jua kuipasha ardhi joto, kwa hiyo ondokeni saa 12 na nusu asubuhi, na ifikapo saa 5 muwe mmerudi kampasi. Mkiona umeme, hesabuni sekunde hadi msikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya 30, ingieni katika nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa, na msitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mkiwa mbali na nyumba, epukeni mti ulio peke yake, kilele cha kichuguu na uwanja wazi wa dembo. Afadhali mchuchumae kati ya miti mifupi, mkiwa mmeachana hatua kadhaa. Mwavuli uacheni nyumbani, mvae koti la mvua, na nguo kavu zikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.

Sasa bowa. Katika njia hii jibu langu ni hapana, hata kama mmoja wenu anaujua uyoga tangu utoto wake kijijini. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulipeleka moshi wake upande wa kaskazini-magharibi, ambao ndio upande wa njia hii. Shaba, kobalti, risasi na kadmiamu zilianguka udongoni, na huko Penga Penga, karibu na kiwanda, ardhi ilibaki uchi bila miti. Uyoga hufyonza metali hizo kutoka udongoni, na kuupika hakuziondoi. Watoto wautazame, wauchore katika daftari zao. Wa kula mnunue sokoni kwa mama mnayemfahamu, na mmuulize aliuokota wapi.