Nikiomba Naona Kama Nazungumza na Dari: Je, Sala Yangu Ni Sahihi?

SWALI:

Asalaamu alaykum, Shehe. Mimi ni binti wa miaka 26, mkazi wa Tanga. Mama yetu aliugua figo kwa mwaka mmoja na nusu, akawa anasafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki. Tulimsomea Yasini kila usiku wa Ijumaa, tukakhitimisha Kurani, tukampa na kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani. Mwishoni tabibu mmoja wa kisomo alituambia tusimamishe hospitali kwa wiki mbili ili dua ifanye kazi, kwani kuchanganya ni dalili ya kumtilia shaka Allah. Nami ndiye niliyekubali. Mama alifariki siku ya tisa. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akilipa gharama zote, tangu hapo hasali wala haamini. Siku ya maziko alisimama nje ya msikiti akiwashikia wajomba viatu wakati wa sala ya jeneza, ingawa ndiye aliyeingia kaburini kumpokea mama. Ananiambia kuwa Wamarekani wamepima dua kwa wagonjwa wa moyo na kukuta haisaidii kitu. Mimi bado nasali, lakini nikiinua mikono naona kama nazungumza na dari. Je, sala yangu ni sahihi au ni unafiki? Niache mpaka imani irudi? Na kaka yangu nimkate?

JIBU:

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu mama yetu na ayafanye maradhi yake kuwa kafara ya madhambi yake.

Mwanangu, nimekaa na swali lako siku kadhaa, kwa sababu unaniuliza habari za imani na sala na utafiti, na habari za zile wiki mbili umeziweka katika sentensi moja tu, ukapita haraka. Nadhani hiyo sentensi moja ndiyo iliyoziandika nyingine zote. Nitairudia.

Ama hukumu, sala yako ni sahihi na huna cha kulipa. Kanuni ya mafakihi, wanazuoni wa sheria, ni kwamba yakini haiondolewi na shaka: Uislamu wako ni wa yakini, na hili linalokupitia kifuani ni jambo linalokujia bila kuitwa, nawe unalichukia kiasi cha kuandika barua ndefu kwa mtu usiyemjua. Masahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) wakasema kuwa wanayakuta nafsini mwao mambo ambayo mmoja wao anaona ni makubwa mno kuyatamka. Akawauliza: “Mmeyakuta kweli?” Wakasema: “Naam.” Akasema: “Hiyo ndiyo imani ya wazi.” Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi. Mnafiki hasumbuliwi na jambo hili, wala halimnyimi usingizi. Na kuacha sala mpaka imani irudi haijuzu, tena ni kama mgonjwa anayesema hatakula mpaka hamu ya chakula imrudie.

Sasa hoja ya kaka yako. Utafiti anaoutaja upo, na si uadilifu kuukana kwa kuwa hatuupendi. Ulichapishwa mwaka 2006 chini ya uongozi wa daktari Herbert Benson, na ulihusu wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita za Marekani. Waligawanywa makundi matatu. Walioombewa bila kuwa na hakika kama wanaombewa, waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52; wasioombewa, nao wakiwa hawana hakika, asilimia 51; na walioombewa huku wameambiwa waziwazi kuwa wanaombewa, asilimia 59. Waombaji walikuwa vikundi vya Wakristo, waliopewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya mwanzo ya jina la ukoo wake, pamoja na maneno maalumu ya kutamka, wakaomba kwa siku 14. Takwimu kaka yako amezisoma vizuri. Alipokosea ni katika kujua ni kitu gani kilichopimwa.

Kwanza, hakuna aliyewazuia jamaa wa wagonjwa kuomba, wala hakuna awezaye, na watafiti wenyewe walilikiri hilo. Kwa hiyo kundi linaloitwa la wasioombewa lilikuwa na watu ambao mama zao, wake zao na watoto wao walikesha wakiwalilia. Lakini tuseme wangewazuia wote. Bado jaribio la namna hii linafaa kwa kitu kisicho na hiari. Kidonge cha homa hakichagui mtu wa kumshusha joto, ndiyo maana tunaweza kukihesabu. Anayeombwa si kidonge. Mtoto akimwomba baba yake mara mia, na baba akampa mara arubaini, hesabu hiyo haikuambii kama baba yupo au hayupo. Inakuambia tu kwamba baba haendeshwi na mtoto. Wala sisemi haya kwa kuwa matokeo yalikuja kinyume chetu. Lau walioombewa wangepona wote, nisingeyapandisha matokeo hayo kwenye mimbari, ingawa nawajua wenzangu ambao wangeyapandisha Ijumaa ileile.

Na hoja yenyewe si mpya. Mwaka 1872 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliandika kwamba wafalme, ambao huombewa umri mrefu na raia wao hadharani, waliishi miaka michache kuliko watu wengine wenye neema. Alidhani amefichua siri. Takriban miaka elfu moja kabla yake, Imamu Muslim alikwisha kuandika katika kitabu chake cha hadithi, Sahihi Muslim, kwamba Mtume mwenyewe alimwomba Mola wake mambo matatu kwa ajili ya umma wake, akapewa mawili na kunyimwa la tatu, nalo ni kwamba wasipigane wao kwa wao. Nuhu alimwombea mwanawe aliyezama, akakatazwa hata kuomba. Dini ambayo vitabu vyake vinayataja wazi maombi ya Mitume yaliyokataliwa haiwezi kushtushwa na asilimia 52.

Kaka yako atasema, na nadhani amekwisha kusema, kwamba tumejijengea nyumba isiyobomoleka: mgonjwa akipona ni Mungu, asipopona ni Mungu. Hasa tukimsomea hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad, kwamba mwombaji hupewa moja ya matatu, ama ombi lake huharakishwa, ama huwekewa akhera, ama huepushwa na shari mfano wake. Pingamizi hili ni zito, na shehe anayelicheka hajalielewa. Lingekuwa na nguvu ya kutuangusha kama tungekuwa tumemthibitisha Mola kwa njia ya dua. Hatukufanya hivyo. Dua ni tunda la imani, si mzizi wake. Mzizi uko katika swali ambalo Kurani inawauliza wakanushaji katika Suratu Ttur: “Au wameumbwa pasipo kitu, au wao ndio waumbaji?” Jubayr bin Mut'im, wakati huo hajasilimu, aliisikia aya hiyo ikisomwa katika sala ya magharibi, akasimulia baadaye kwamba moyo wake ulikaribia kuruka. Hakuwa na mgonjwa anayemwombea. Alikuwa na akili iliyobanwa na maswali mawili yasiyo na njia ya katikati. Huo ndio uwanja wa mjadala kati yetu na wasioamini. Anayeuhama uwanja huo akaenda wodini kuhesabu waliopona na waliokufa, awe muumini au mkanushaji, ameacha njia.

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa kaka yako akipime kwa akili ileile anayoiamini. Mtume alikuwa na mwana, Ibrahim, hakuwa ametimiza miaka miwili, akafariki mikononi mwake. Alilia, akasema: “Macho yanatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu.” Siku hiyohiyo jua lilipatwa. Mji ukaanza kunong'ona kwamba jua limepatwa kwa kifo cha mtoto wa Mtume. Fikiri: hapa ni Madina, watu wameshaamini, hakuna anayebisha, na muujiza umejileta wenyewe. Mtu anayeishi kwa kuwauzia watu miujiza angenyamaza tu, wala asingehitaji kusema uongo. Yeye, kaburi la mwanawe likiwa bado bichi, alisimama akasema: “Jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah; hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake.” Akawaamrisha wasali na waombe. Huyu aliyekataa kuifanya mbingu kuwa shahidi wa msiba wake ndiye aliyetufundisha kuinua mikono.

Na hapa ndipo ninapomgeukia yule tabibu, maana ghadhabu yangu kwake ni kubwa kuliko kwa kaka yako. Kwa hakika wawili hao wana itikadi moja kuhusu dua. Wote wanadhani ni dawa yenye kipimo, ambayo ikinywewa sawasawa lazima ifanye kazi. Tabibu akasema haikufanya kazi kwa sababu mmeichanganya na mashine ya hospitali; kaka yako, akiwa mwanafunzi wake bila kujua, akasema haikufanya kazi kwa sababu hakuna wa kuisikia. Kama ingefundishwa tangu mwanzo kuwa dua ni ibada, na kwamba mja anaomba kwa kuwa yeye ni mja, hakuna kati yao ambaye angepata la kusema.

Sikatai kisomo, wala silaani kombe. Nimekua katika nyumba ambayo sahani nyeupe iliandikwa aya kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya marashi, na mama zetu walikuwa na adabu ya kutosha kujua kwamba mgonjwa akishakunywa anapelekwa pia hospitali. Mtume alisema: “Tafuteni dawa, enyi waja wa Allah.” Imamu Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa zamani, ambaye naye alipitia takriban miezi miwili ya shaka nzito kuliko yako na hakuona haya kuiandika, alilimaliza suala hili kwa mfano wa mshale na ngao: kukinga mshale kwa ngao hakupingani na kadari, kwa kuwa ngao nayo ni kadari, na dua na dawa ni hivyohivyo. Anayesema kwamba kwenda hospitali ni kumtilia shaka Allah, na amwambie pia mkulima asimwagilie.

Sasa zile wiki mbili. Abu Daud amepokea kwamba masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe lililompasua kichwa, kisha akapatwa na janaba usingizini, hali inayomlazimu mtu kuoga. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji. Wakasema hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume alisema: “Wamemuua, Allah awaue! Kwa nini wasiulize wasipojua? Hakika dawa ya kutojua ni kuuliza.” Angalia, mwanangu, ghadhabu ile ilimwangukia nani. Haikumwangukia aliyeuliza na kutii, ingawa ni yeye aliyejimiminia maji kwa mkono wake. Iliwaangukia waliojibu bila elimu. Na katika hadithi nyingine, anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye mdhamini wa madhara. Wewe uliuliza. Ulimuuliza mtu aliyevaa kanzu na kuzungumza kwa aya, katika mwaka ambao hukuwa na usingizi, ukitafuta la kumfaa mama yako. Kwa ninavyoliona suala lako, huna kafara wala diya, yaani fidia ya damu, wala hukumuua mama yako. Ajali yake, yaani siku yake ya kufa, iliandikwa. Dhima ya neno lile iko kwa aliyelisema, na ningependa mzee mmoja wa familia amwendee huyo tabibu na kumwambia kilichotokea, asije akampa mwingine wiki mbili.

Nadhani dari unayoiona ni hiyo. Hujaacha kuamini kwamba kuna anayesikia. Unaogopa kwamba anasikia na anajua uliyokubali. Kama nimekosea, niandikie tena. Kama sijakosea, basi yaseme hayo katika sijida, kwa Kiswahili chako ukiwa katika sala ya sunna ukipenda, au baada ya kutoa salamu. Usitafute maneno mazuri. Yaakubu, aliyelia mpaka macho yakawa meupe, alisema: “Hakika mimi namshitakia Allah sikitiko langu na huzuni yangu,” na hakuna aliyemwambia kuwa ni upungufu wa imani. Na kama usingizi na chakula vimekukimbia hadi sasa, nenda ukaonane na daktari wa mambo hayo. Hiyo nayo ni ngao.

Kaka yako usimkate. Kuhusu wazazi wanaomshinikiza mtu kumshirikisha Allah, Suratu Luqman inasema usiwatii, lakini kaa nao kwa wema duniani. Basi kaka aliyelipia kusafishwa kwa damu ya mama yenu mwaka mmoja na nusu anastahiki angalau sehemu ya wema huo. Usibishane naye juu ya takwimu, na wala usimsomee majibu yangu kama hajakuomba. Mtu aliyesimama nje akishika viatu vya wajomba, kisha akaingia kaburini kumpokea mama yake, bado hajaondoka mbali na mlango. Hasira yake ina sababu ninayoiheshimu, kwani alichokikataa yeye, mungu anayetaka mashine izimwe ili athibitishwe, hata mimi nakikataa.

Sahaba Saad bin Ubada alifiwa na mama yake, akamuuliza Mtume ni sadaka gani iliyo bora, akaambiwa: maji. Kama hali inaruhusu, tafuteni mahali penye shida ya maji, mvute bomba au mweke tangi kwa niaba ya mama, na mwombe kaka yako achangie na asimamie mafundi. Asipotaka kuiita sadaka, aiite anavyotaka, watu watakunywa.

Wallahu aalam.