Imekomaa, lakini haijaiva

Msomaji wa Kadutu, Bukavu, anauliza: "Nilinunua avoka sokoni, mama muuzaji akaniapia kwamba zimekomaa. Nafika nyumbani, ngumu kabisa. Kukomaa na kuiva si jambo moja? Nimedanganywa?"

Hukudanganywa, mama. Muuzaji alisema Kiswahili safi. Tunda likikomaa, au likipevuka, limemaliza kukua na linaweza kuchumwa. Likiiva, limelainika, limepata harufu na ladha yake, linaweza kuliwa. Ndiyo maana tuna embe changa, embe pevu, embe bivu na, kwa aliyechelewa, embe bovu. Ndugu zetu wa pwani wamekwenda mbali zaidi: mnazi unawapa kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, kila hatua na jina lake.

Kinachonikera mimi ni usemi mwingine, nao ninausikia katika masoko ya Kadutu na Nyawera pia: "Chukua hii avoka, imeivia kwenye muti." Kwa embe, sawa. Kwa pera, sawa. Kwa avoka, hapana, hapana kabisa! Avoka haiivii mtini. Inakomaa huko juu, inaweza kuning'inia wiki nyingi baada ya kukomaa, na bado itabaki ngumu. Kuiva kwake kunaanza siku inapotengana na tawi. Kwa hiyo anayekupa avoka laini, ya kuliwa leo leo, ama iliangushwa na upepo akaiokota, ama aliichuma siku kadhaa zilizopita akaivundika, yaani akaifunika mahali penye joto hadi iive. Na kuvundika kuna aibu gani? Babu zetu walivundika ndizi vizazi na vizazi, wakakiachia Kiswahili kitenzi kizuri. Tunakiacha kitenzi hicho kife ili tuisifu avoka kwa jambo isiloweza kulifanya! Neno avoka lenyewe tulilipata kwa Wafaransa, nao kwa Wahispania, nao kwa Wanahua wa Mexico, na popote lilipopita tunda lilikuwa na tabia hiyohiyo.

Sifa ya kuivia shambani mpeni nanasi. Huko ndiko inakostahili. Nanasi halina akiba ya wanga ya kugeuza kuwa sukari kama ndizi. Utamu wake wote huletwa na majani, na likikatwa, umekoma hapo. Ganda litageuka manjano, nyama italainika, utamu hautaongezeka. Chungwa na ndimu ni hivyohivyo. Basi anayekuuzia nanasi bichi la Idjwi akisema "litaivia nyumbani", huyo ndiye wa kugombana naye.

Neno moja juu ya "maembe mbivu", maana linajaa katika barua zenu. Ni mabivu, mbivu ni ndizi. Sokoni ninavumilia, mtu ana mzigo kichwani na wateja wanamsubiri. Katika daftari la mwanafunzi sivumilii.

Avoka zako, mama, zifunge kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu. Ndizi hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huharakisha kuiva. Bonyeza karibu na kikonyo kila asubuhi. Pakilegea, kata ule.