Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Mshahara na Hisa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uache kampuni kongwe uliyomo, uende kwenye ile changa inayokupa mshahara pungufu pamoja na ahadi ya hisa. Kila nikishika kalamu kukujibu, ninarudi kwenye jambo jingine: ni nani aliyepanga thamani ya kazi yako, na aliipanga lini?

Unaikumbuka ofisi niliyoitumikia miaka 19. Mshahara wetu ulipanda kwa ngazi, nyongeza ndogo kila mwaka. Katika mwaka wa 16 niliagizwa kumfundisha kazi kijana aliyekuwa ameajiriwa karibuni, nami nikamfundisha kwa moyo wote wiki 6, mpaka siku nilipofuata ripoti yangu kwenye printa nikakuta juu yake karatasi ya mshahara wake, nikaona amenizidi. Kijana hakuwa na kosa. Yeye aliajiriwa kwa bei ya soko la mwaka ule, ilhali mimi nilikuwa bado ninapandishwa kutoka bei ya mwaka nilioingia. Jioni ile ulinikuta nimekaa gizani, ukaniuliza kama ninaumwa, nikakujibu kwamba nimechoka. Mshahara ni mapatano, mwanangu, si shukrani.

Hata hivyo, ni ofisi hiyohiyo iliyonilipa mshahara kamili miezi yote niliyolala baada ya upasuaji, na pensheni inayonitunza leo imetoka huko. Hiyo kampuni changa ya watu 12 ingeyaweza hayo? Sidhani, hata kama ingetaka.

Kuhusu hisa, fahamu kwamba kwa kawaida hugawiwa kidogokidogo kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha huondoka mikono mitupu. Kampuni ikiuzwa, wawekezaji wenye hisa za upendeleo hutangulia kuchukua fedha zao. Ikifilisika, mshahara unaodaiwa una kinga: Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unamweka mfanyakazi miongoni mwa wadai wanaotangulizwa, ndani ya kiwango cha sheria ya nchi, lakini mwenye hisa hungoja mwisho kabisa. Tena usiulize umepewa hisa ngapi, uliza ni asilimia ngapi ya hisa zote, maana idadi peke yake haikuonyeshi ukubwa wa fungu lako. Nazo ni mapatano vilevile.

Ninatamani sana kukuambia la kufanya, na neno lenyewe ninalo. Nitalizuia kwa sasa, kwa kuwa mimi nilibaki kwa hiari yangu, wala hakuna aliyenichagulia. Nitumie kwanza maandishi ya hizo hisa niyasome; nikishayasoma, siahidi kunyamaza.

Mama yako