Wallace hana hili wala lile, polisi wako mlangoni

Ukiwa na watoto wa rika tofauti sebuleni na unatafuta filamu moja ya kuwachekesha wote, chagua ile ambayo mtu anasingiziwa wizi, anasakwa, na ninyi mmeshamwona mwizi. Mtoto havumilii kukaa na siri ambayo polisi hawaijui. Atasimama, ataipigia kelele televisheni.

Kwetu iliyotia fora ni filamu ya katuni, Wallace & Gromit: Vengeance Most Fowl ya Nick Park na Merlin Crossingham, iliyoonyeshwa BBC siku ya Krismasi 2024 kisha ikaingia Netflix. Wallace, mvumbuzi wa Kiingereza mpenda jibini, anaunda roboti ya bustani iitwayo Norbot na kuanza kuikodisha kwa majirani apate hela ya bili. Feathers McGraw, pengwini aliyefungiwa kwenye bustani ya wanyama baada ya kuiba almasi, anaingilia kompyuta ya Wallace kutoka huko huko na kuigeuza roboti kuwa mwizi. Vitu vya majirani vinapotea, na macho yote yanamgeukia Wallace.

Hofu ya wazazi wengi ni Kiingereza. Lafudhi ya Wallace ni ngumu hata kwangu, nami huweka maandishi chini ya picha. Lakini Gromit, mbwa wa Wallace, na yule pengwini hawatamki neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Gromit husema kwa paji la uso tu. Kwa hiyo usitafsiri kila kitu kama wasimulizi wa mabanda ya video (wale walikuwa mafundi, sisi tunaharibu). Tafsiri maneno ya polisi peke yake. Inspekta Mackintosh anakaribia kustaafu na ameshaamua nani mwizi. Mukherjee, askari mgeni kazini, ndiye anayejiuliza maswali. Watoto wakiwaelewa hao wawili, mengine watayaona wenyewe.

Jambo la pili: usimtulize mtoto kwa kumwambia “usijali, ataachiwa”. Mwache akasirike. Wa kwangu mdogo aliuliza kwa nini hawamwulizi mbwa. Mkubwa alinyamaza, halafu mezani wakati wa chakula akakumbusha siku simu ilipopotea nyumbani na kila mtu akamtazama dada wa kazi, kumbe simu ilikuwa chini ya mto wa kochi. Dada alikuwepo pale pale mezani. Sikuwa nimepanga mazungumzo hayo, na sidhani kama ningeweza kuyaanzisha kwa mawaidha. Yakija kwako, usiyakatishe kwa haraka ya kuosha vyombo, na mpe dada naye nafasi ya kusema siku ile aliionaje.

Kwa wadogo sana, kaa nao karibu Norbot anapogeuka mbaya, maana anaunda kikosi cha roboti zinazofanana naye, nacho kinatisha kidogo usiku.

Na kama hawajawahi kumwona pengwini huyo, anzeni na The Wrong Trousers ya 1993. Ni ya nusu saa tu, na ndiyo inayoonyesha alivyokamatwa, baada ya kujifanya kuku kwa kuvaa glovu nyekundu ya mpira kichwani.