Ukianza kazi uwanja wa Denver, ogopa upepo kabla ya theluji

Vijana wetu wanaofika Aurora, mji jirani wa Denver huku Marekani, kutoka Nairobi, Kakuma au Nyarugusu, wakapata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege wa Denver, huniuliza swali moja: theluji ya huku ni mbaya kiasi gani? Theluji utaizoea. Inatangazwa mapema, inashuka, magari yanaikwangua, kazi inaendelea. Kitakachokuumiza ni upepo, tena siku ya jua.

Uwanja wenyewe umekaa kwenye tambarare tupu, mbali na mji, milima ya Rocky ikiwa upande wa magharibi. Hakuna msitu wala mtaa wa kukukinga.

Wiki yangu ya tatu, mwezi wa Aprili, mchana mweupe, nilivuta toroli tupu la mizigo hadi kando ya ndege nikaliacha bila kufunga breki. Nilijua narudi sasa hivi. Kugeuka, naona toroli linatembea lenyewe, taratibu kwanza kama mbuzi aliyekata kamba, halafu mbio, likiielekea injini. Mzee mmoja wa Bukavu aliliwahi akatupia choki, ile kabari ya kuzuia gurudumu, chini yake. Hakunifokea. Alinyoosha kidole kwenye ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo, umekakamaa kama bomba, akaniuliza tangu asubuhi nilikuwa natazama nini.

Tangu siku hiyo sianzi zamu kabla sijasoma METAR, ripoti fupi ya hali ya hewa ambayo hapa hutolewa dakika ya 53 ya kila saa. Iko mtandaoni, bure. Ukiona KDEN, huo ni uwanja wetu. Kisha 33025G41KT: upepo unatoka nyuzi 330, kaskazini-magharibi, kwa noti 25 (noti ni maili ya baharini kwa saa), na vishindo vyake, yaani unapovuma kwa ghafla, vinafika noti 41, karibu kilomita 76 kwa saa. Herufi G itafute kwanza. Wastani hauangushi toroli. Kishindo ndicho kinachoangusha. Na hata ndege hazijasalimika: tarehe 20 Desemba 2008, Boeing 737 iliyokuwa ikienda Houston ilipigwa na upepo wa ubavuni ikiwa inakimbia ipae, ikatoka nje ya njia ikawaka moto. Watu 115 walikuwamo, na hakuna aliyekufa.

Saa za ripoti ni za Zulu, yaani saa moja ya dunia nzima (UTC), na hapo Mswahili ana bahati yake. Tumekua tukitoa sita: 1400 kwetu ni saa nane mchana. Basi wakati wa kiangazi Denver nayo iko nyuma ya Zulu kwa saa sita. 2000 Zulu, toa sita, ni 1400 ya Denver. Toa sita tena, saa nane. Novemba saa zikirudishwa nyuma unaanza kutoa saba, na hapo hesabu yetu nzuri inaharibika.

Sasa mchana wa Juni hadi Agosti. Asubuhi anga ni safi kabisa. Baada ya saa saba mawingu yanajijenga juu ya milima na kuja kwetu. Mengine yana kitako cha juu sana, na chini yake utaona mvua imening'inia kama pindo la pazia lisilogusa sakafu. Mgeni hufurahi kwamba hatalowa. Hewa ya huku ni kavu, kwa hiyo matone yanakauka yakiwa njiani, na kule kukauka kunaipoza hewa. Hewa baridi ni nzito, inaporomoka kama maji ya ndoo, ikigonga ardhi inasambaa pande zote. Ndege inayotua hupokea upepo wa mbele unaoiinua, na punde tu ule wa nyuma unaoizamisha. Agosti 1975, kwenye uwanja wa zamani wa Stapleton, ndege ilikutana na kitu hicho ikipaa ikaanguka, wote walinusurika. Mwaka 1982 wanasayansi walikuja Denver na rada zao kuchunguza jambo hili hasa.

Wewe wa chini huna rada, ila una macho. Ukiona vumbi linanyanyuka kwa duara huko tambarare, breki, choki, shusha gari la mkanda wa kupandishia mizigo, sogea mbali na bawa. Radi ikikaribia, rampu, yaani eneo zinapoegeshwa ndege, inafungwa na wote mnaingia ndani. Abiria watanuna dirishani kwa sababu wanaona jua. Waache wanune. Kimbunga je? Vyoo vya uwanja huu vina alama ya mahali pa kujikinga, na mwezi Juni 2013 watu walikimbilia humo kweli.

Wa kutoka Nairobi asitishwe na mwinuko. Jomo Kenyatta iko futi 5,330, Denver 5,434. Tofauti ni joto: siku ya nyuzi 35 hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inahangaika kana kwamba iko futi 9,000. Ndiyo maana kuna njia moja ya kurukia yenye urefu wa futi 16,000, na ndiyo maana utaambiwa ushushe mabegi uliyoyapanga kwa jasho. Usibishane, yashushe.

Majira ya baridi, watu hudhani ubaya unashuka kutoka milimani. Upepo wa magharibi mara nyingi hushuka ukiwa mkavu na wa joto, na theluji ya asubuhi imeisha jioni. Wa kuuchunga ni ule wa mashariki. Tambarare inapanda kidogo kidogo kutoka Kansas bila wewe kuona kilima, na upepo unapanda nayo, unapoa, unageuka ukungu na manyunyu yanayoganda yakigusa chuma. METAR itasema FZDZ. Siku hiyo kila ndege itaoshwa kwa dawa moto ya rangi ya chungwa ya kuyeyusha barafu, kisha itapakwa ile nzito ya kijani ya kuizuia isirudi, na mlango wa mizigo utakuwa umeganda. Beba glavu jozi mbili. Ya kwanza italowa kabla ya ndege ya tatu. Ya pili iweke kifuani, ndani ya koti, si kwenye gari.