Maswali ya Wasomaji: Kiini kinaandika kwenye skrini, nini kifuate?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika kwa kujifurahisha mfumo endeshi wa jamii ya Unix kwa ajili ya prosesa za x86, kwa lugha ya C na asembli. Kiini changu (kernel, yaani sehemu ya msingi ya mfumo) kinaanza, kinaandika kwenye skrini na kupokea herufi za kibodi. Je, sasa nianze na mfumo wa mafaili wa diski, madirisha ya michoro, au niandike kipakiaji changu (programu inayokiingiza kiini kwenye kumbukumbu kompyuta inapowashwa) badala ya kutumia GRUB?

JIBU: Ndugu msomaji, kipakiaji kiache. BIOS, programu ya kuwashia iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, hupakia baiti 512 tu za mwanzo wa diski kwenye anwani 0x7C00, na kuanzia hapo utakuwa unapambana na mabaki ya kompyuta ya IBM ya 1981, wala si na Unix. GRUB hukukabidhi prosesa ikiwa tayari katika hali ya biti 32. Madirisha nayo yasubiri.

Ninachokushauri ni kuhakikisha kwanza kwamba programu moja, hata kama kazi yake ni kuandika neno moja tu na kumaliza, inaendeshwa nje ya kiini. Utahitaji jedwali la kurasa za kumbukumbu kwa kila mchakato (programu inayoendeshwa), kila ukurasa ukiwa na baiti 4,096. Utahitaji kuishusha prosesa hadi daraja la 3 la mamlaka, lile la chini la programu za kawaida, na kuieleza kupitia TSS (rekodi ambayo prosesa huisoma) ni staki ipi ya kiini, yaani eneo lake la kumbukumbu ya kazi, itumike unapotokea mkatizo, tukio linaloirudisha prosesa kwenye kiini. Kisha utahitaji mlango mmoja wa kurudi ndani, yaani wito wa mfumo.

Ukishafika hapo, andika kwa pamoja miito ya fork (hunakili mchakato), exec (huweka programu mpya ndani ya mchakato), wait (husubiri mtoto amalize) na exit (humaliza mchakato). Wengi huona ajabu kwamba kuanzisha programu mpya kunahitaji miito miwili, lakini nafasi iliyopo kati ya fork na exec ndiyo yenye thamani. Katika nafasi hiyo mchakato mtoto, ambao bado unaendesha msimbo wa sheli (programu inayopokea amri za mtumiaji), unaweza kufunga faili namba 1, ambako matokeo huandikwa, na kufungua jingine, na kwa kuwa open hutoa namba ndogo kuliko zote zisizotumika, matokeo ya programu inayofuata yataingia katika faili hilo bila programu yenyewe kujua lolote. Mwanzoni fork inakili kurasa zote; ujanja wa kunakili ukurasa pale tu unapoandikwa ni wa baadaye. Hata mabomba, yanayopeleka matokeo ya programu moja hadi nyingine, si ya haraka, kwani Unix iliyoanza 1969 haikuwa nayo hadi 1973.

Diski pia si lazima kwa sasa. Mpe GRUB faili la tar (faili moja lililokusanya mafaili mengi) alipakie kwenye kumbukumbu pamoja na kiini, kisha usome programu zako humo: kila kichwa cha tar kina baiti 512, na ukubwa wa faili umeandikwa kwa tarakimu za msingi wa nane, jambo ambalo huwakwaza wasiolitarajia.

Fanya majaribio yote ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, na utume ujumbe wa kiini kupitia bandari ya siriali. Kosa likitokea katika jedwali la kurasa au la mikatizo, prosesa mara nyingi hujiwasha upya bila maelezo, kwa hiyo iamuru QEMU isijiwashe upya na iandike kila mkatizo. Anwani ya mwisho iliyoandikwa kwa kawaida itakupeleka karibu na mstari wenye kosa.