Gari la Familia Pwani: Kuchemsha, Kuinua, Kutu na Taa

Barua za safari hii zimetoka pande zote za Mombasa, na ukizisoma pamoja utaona nyingi zinazungumzia kitu kimoja bila kukitaja: maji. Maji tunayotia kwenye rejeta, maji tunayooshea gari, na unyevu wa chumvi unaoingia hata kwenye nyaya. Tumeanza na barua iliyohitaji jibu refu kuliko zote.

Toyota Noah yetu ya mwaka 2010 haina shida tukizunguka mjini. Lakini tukipakia watoto na mizigo kwenda Voi, likianza kupanda kutoka Miritini kuelekea Mazeras na AC imewashwa, mshale wa joto unapanda. Fundi alitoa thamostati (kile kilango kinachofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto) akasema huku kwetu kwenye joto haina kazi. Tunajazia maji ya kisima, na sasa maji ya ndani yana rangi ya chai. Je, tununue rejeta nyingine? (Baba wa watoto watano, Changamwe)

Umefanya vyema kueleza linachemsha wakati gani, kwa sababu hapo ndipo utambuzi unapoanzia. Gari linalochemsha kwenye foleni kisha likapoa likikimbia, mtuhumiwa wa kwanza ni feni: mota, rilei au fyuzi yake. Linalochemsha mlimani, wakati upepo unaingia wa kutosha, kwa kawaida kosa liko kwenye mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka, kifuniko kisichoshika presha, au mkanda unaoteleza. Lako ni la kundi la pili, na hiyo rangi ya chai ni kutu inayozunguka ndani.

Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji ya visima vingi yana chokaa, na karibu na bahari yana chumvi pia. Yakipata moto kila siku, chokaa hushika ndani ya mirija myembamba ya rejeta kama ukoko kwenye birika. Chumvi nayo hula alumini ya hedi (kichwa cha injini) na mapanga ya pampu. Hoja kwamba kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ni ya nchi za barafu tumeisikia sana. Ni kweli hapa maji hayagandi, lakini kulanti ina kazi nyingine tatu: kuzuia kutu, kulinda sili ya pampu, na kuchelewesha maji kuchemka.

Kuhusu thamostati, irudishwe. Katika injini nyingi thamostati ikifunguka, upande wake wa nyuma huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji haipoi kabisa. Yaani dawa aliyokupa fundi inaweza kuwa imeongeza ugonjwa. Zaidi ya hayo, injini isiyofikia joto lake huendelea kumwagiwa petroli nyingi na kompyuta, na utaliona hilo kituo cha mafuta. Nunua yenye kiwango kilichoandikwa kwenye ile ya zamani, kwa kawaida digrii 82 hivi, pamoja na mpira wake mpya.

Sasa fanya kazi kwa mpangilio huu, ukianza na kilicho rahisi.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Mpira wake ukiwa umepasuka au umekauka, au springi imelegea, badilisha. Hakikisha kipya kina namba ileile ya presha, 0.9 au 1.1. Namba hiyo si pambo. Maji matupu huchemka kwa digrii 100 hapa usawa wa bahari, lakini kifuniko kizima cha 0.9 huyasogeza hadi karibu 118. Kifuniko kibovu peke yake kinatosha kukuchemshia gari Mazeras.

Kagua pampu chini ya tundu lake dogo la kuvujia. Ukiona ukoko wa rangi ya waridi au kijani, sili imeanza kuvuja. Kagua mkanda. Kisha tazama uso wa rejeta na kondensa ya AC iliyo mbele yake: vumbi, wadudu na nyasi huziba mapezi, yale mabati membamba yanayopitisha upepo. Yaoshe kwa maji ya presha ndogo ukirushia kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea gari ikisogezwa karibu huyalaza mapezi, na hayasimami tena.

Likishapata moto, zima injini, toa ufunguo ili feni isijiwashe, kisha pima uso wa rejeta kwa kipimajoto cha mwanga. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka upande maji yanapoingilia. Ukikuta kipande kizima cha baridi katikati, mirija hiyo imeziba. Hapo ndipo unaponunua rejeta, na kwa maji ya rangi ya chai hatutashangaa ukifika huko.

Kabla ya kulipa, ondoa shaka ya gasketi ya hedi. Asubuhi, injini baridi, kifuniko kikiwa wazi, mwache mtu awashe. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma, mipira ya rejeta inayokakamaa sekunde chache baada ya kuwasha, moshi mweupe wenye harufu ya utamu, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa: mojawapo ya dalili hizo ikiwepo, rejeta mpya haitakusaidia kitu.

Kusafisha: mwaga yote, jaza maji yaliyotoneshwa, weka hita kwenye moto wa mwisho, acha injini ifike joto lake, ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Maji yaliyotoneshwa huuzwa madukani kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo. Kisha tia kulanti. Ile ya Toyota ya rangi ya waridi huja imeshachanganywa nusu kwa nusu, usiiongeze maji. Ikiwa ni ya kuchanganya, nusu kulanti na nusu maji yaliyotoneshwa. Rangi haikwambii aina, kwa hiyo usichanganye za chupa mbili kwa sababu tu zote ni kijani. Mimina polepole, pua ya gari ikiwa imeinuliwa kidogo, ukiminyaminya mpira wa juu ili hewa itoke. Siku mbili tatu zinazofuata angalia tangi la akiba kila asubuhi.

Na mshale ukipanda tena njiani: zima AC, washa hita kwa nguvu zote hata kama watoto watalalamika, toka barabarani. Ukiona mvuke, zima injini papo hapo. Kifuniko usikiguse kwa muda wa dakika 45. Mshale wa magari mengi ya kisasa husimama katikati hata joto likibadilika kwa kiasi, kwa hiyo ukiuona umesogea, jua hali tayari ni mbaya.

Toyota Fielder yangu inakwaruza kila tuta huku Kisauni, hasa nikibeba familia. Nimeambiwa niweke spesa (vipande vya kuinulia gari) za inchi mbili na tairi kubwa. Kuna madhara? (Mwalimu, Kisauni)

Inchi mbili ni nyingi kwa gari hilo. Kwanza pima umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, gari likiwa tupu na mahali tambarare. Kulia na kushoto zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, au nyuma kukiwa kumelala, springi zimechoka. Springi na shokabsoba mpya za kiwango cha kiwandani zinaweza kukurudishia kimo chote ulichopoteza, na gari likatulia kuliko lilivyokuwa. Wengi wanaoomba spesa walichohitaji hasa ni springi.

Ukitaka bado, usizidi milimita 25 au 30. Chagua spesa ya alumini inayokaa juu ya kikombe cha shokabsoba, kati yake na bodi. Vile vipande vya mpira vinavyopachikwa katikati ya mizunguko ya springi viache dukani: huzuia mzunguko mmoja kufanya kazi, na springi huvunjika hapo. Spesa ya juu ya kikombe ina faida nyingine, huhitaji kuifungua ile nati ya katikati. Nati hiyo imeshikilia springi iliyobanwa, na kuifungua bila kibanio cha springi kunaweza kuua mtu.

Bolti za spesa ziwe ndefu kiasi kwamba nati ikikazwa, nyuzi mbili tatu zinachomoza. Gari likiwa bado juu ya stendi na magurudumu yananing'inia, geuza usukani kulia na kushoto hadi mwisho, uangalie mpira wa breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki). Vikiwa vimevutika kama kamba, spesa ni kubwa mno. Bolti zinazopita kwenye bushi (ile mipira ya viungo vya chini) usizikaze magurudumu yakiwa yananing'inia. Shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Vinginevyo bushi huishi zimepindwa na kupasuka mapema. Nati za magurudumu ya Toyota ndogo hukazwa kwa nguvu ya 103 Nm, kwa spana ya kupimia, tena kwa msalaba. Siku hiyohiyo nenda ukafanyiwe alaimenti. Baada ya hapo chunguza mipira ya sivijointi (viungo vya ekseli ya mbele) kila unapobadilisha oili, kwa sababu sasa inafanya kazi kwa pembe kali zaidi. Ukiona grisi imerushwa ndani ya rimu, mpira umechanika, na mchanga wetu hauchelewi kuimaliza jointi.

Tairi: tuseme unatumia 185/65R15, kipenyo chake ni milimita 621. Ukivaa 185/70R15 unapata 640, yaani asilimia 3 zaidi, na gari linapanda milimita 9 tu. Spidi ikisomeka 80, mwendo wako halisi umesogea juu kwa kama kilomita 2. Usivuke hapo. Tairi ikigusa madigadi ukikata kona na abiria watano ndani, utajuta.

Tunaishi karibu na bahari Likoni. Milango imeanza kutoboka chini. Fundi anataka kuziba kwa fila, kisha apake oili chafu chini ya gari lote. (Mama wa watoto wanne, Likoni)

Dada yetu, oili chafu kataa. Hulainisha bushi na mipira yote ya chini, hutoa moshi ikidondokea ekzosi, na ikifika kwenye diski, breki hazishiki. Rangi ya lami juu ya kutu nayo ni mtego, hufungia maji ndani.

Milango huoza kutoka ndani. Pinda chini uangalie ukingo wa mlango: kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua yanayopita kwenye kioo. Vikizibwa na mchanga, maji hubaki humo. Vizibue kwa kijiti cha plastiki.

Palipo na kutu bila tundu, sugua kwa msasa namba 80 hadi chuma cheupe, kisha 240 kulainisha kingo. Kwenye vishimo vilivyobakiwa na kutu paka dawa ya kugeuza kutu, ikauke kama ilivyoandikwa, halafu praima ya epoksi. Fila huja juu ya epoksi, kamwe si juu ya kutu, kwa sababu fila hunyonya unyevu. Palipotoboka pakatwe na kuchomelewa bati jipya. Fila haizibi tundu, hulificha kwa msimu mmoja. Ukimaliza, nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya mlango kupitia vitundu vilevile, na usivizibe. Ukiamua kubadilisha rangi ya gari zima, kumbuka logibuku nayo ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Kuosha kwa maji ya chumvi ni kulipaka chumvi. Kama hayo ndiyo uliyo nayo, tenga mtungi mmoja wa lita 20 wa maji matamu kwa suuza ya mwisho, na nusu yake iende chini ya gari na ndani ya madigadi.

Taa zangu hafifu usiku barabara ya Mtwapa. Niweke balbu za wati 100? (Msomaji, Shanzu)

Hapana. Balbu ya H4 ni wati 60 kwa 55, na nyaya zimepimwa kwa hizo, ampea 5 hivi. Wati 100 huvuta zaidi ya ampea 8, na plagi huyeyuka. Balbu za LED ndani ya taa iliyoundwa kwa balbu ya kawaida hutawanya mwanga hovyo na kumpofusha anayekuja mbele.

Kwanza tazama plastiki ya taa. Jua la huku huigeuza njano. Isugue kwa msasa wa maji 800, 1500, 2000, kisha 3000, malizia na polishi na dawa ya kuzuia jua. Bila dawa hiyo njano inarudi baada ya miezi. Pili, injini ikinguruma na taa zimewashwa, pima volti kwenye betri, kisha kwenye plagi ya balbu. Betri isome 13.8 hadi 14.4. Plagi ikipungua kwa zaidi ya nusu volti, tafuta waya wa ardhi uliofungwa kwenye bodi. Mara nyingi utakuta kiatu chake kina unga wa kijani. Fungua, kwangua, kaza, paka vaselini.

Zulia la mbele upande wa abiria linalowa hata bila mvua. (Msomaji, Bamburi)

Kwa kawaida ni maji ya AC. Mpira wake wa kutolea maji, unaotokea chini ya gari nyuma ya injini, umeziba. Ingia chini, uzibue kwa waya laini au upulize kwa hewa ya presha ndogo. Yatatoka ghafla, kwa hiyo kaa pembeni. Badilisha na filta ya hewa ya ndani, iliyo nyuma ya kisanduku cha mbele cha abiria. Zulia linyanyuliwe likaushwe juani pamoja na sifongo yake ya chini, maana ikiachwa mbichi, sakafu huanza kutu bila wewe kuona.